Akili Ikitangulia Kuondoka

Hakuna dua iliyo nyepesi katika ndimi zetu kuliko dua ya umri. Mtoto akizaliwa twamwombea umri mrefu, bwana harusi twamwombea, msafiri twamwombea, na watu wakipeana mikono baada ya sala ya Idi humwomba Mungu awaweke hata mwakani. Dua hiyo ni njema, na kwa wengi imetakabaliwa. Wazee wa miji yetu leo ni wengi kuliko walivyokuwa zamani za babu zetu, kwani mengi ya maradhi yaliyokuwa yakiwaondoa watu wangali vijana yamepata dawa. Walakin ni wachache kati yetu wanaokaa wakafikiri ni kitu gani wanachokiomba. Umri mrefu huja na mizigo yake, na mzito kuliko yote ni huu: mtu kuwa hai, anakula na kupumua, na hali akili yake imekwisha kumtangulia.

Katika darasa letu jambo hili limezungumzwa zaidi ya mara moja, na wanaouliza si watu wa kupenda mabishano. Ni watoto wenye baba au mama nyumbani. Masuala yao ni matatu. La kwanza: mtu aliyesahau jina la mwanawe, na mtaa wake, na pengine jina lake mwenyewe, jee, ndiye yule yule tuliyemjua, au amebaki mwili tu? La pili: maneno yake na matendo yake, sala zake na mali yake, yahesabiwe vipi? La tatu watu huliuliza kwa sauti ya chini: jee, ni halali kwetu kuchoka, na ni halali kutamani apumzike? Tutayajibu kwa kadiri ya elimu yetu. Lakini kwanza ni lazima tuyajue maradhi yenyewe, kwani anayehukumu jambo asilolijua hana budi kudhulumu.

MARADHI YENYEWE

Kusahau kidogo ni desturi ya uzee. Mzee akiweka miwani yake asikumbuke alipoiweka, kisha baadaye akakumbuka, huyo si mgonjwa. Ugonjwa ni pale anapoishika miwani mkononi asijue ni ya nini. Anapotoka katika msikiti aliosali miaka 40 akapotea njia ya nyumbani kwake. Anapouliza suala moja mara kumi katika saa moja, na kila mara kwake yeye ni mara ya kwanza. Sisi husema tu kwamba mzee amerudi utotoni. Madaktari huiita hali hii demensha, na hilo si jina la ugonjwa mmoja, bali ni jina la hali inayoletwa na magonjwa mbalimbali yanayouharibu ubongo.

Ulio mkubwa katika magonjwa hayo huitwa kwa jina la Alois Alzheimer, tabibu wa Ujerumani. Mwaka 1901, katika hospitali ya Frankfurt, aliletewa mwanamke wa miaka 51, Auguste Deter, ambaye kumbukumbu zake zilikuwa zimepotea hata akiambiwa aandike jina lake hakuweza kulimaliza. Mwanamke huyo alipokufa mwaka 1906, Alzheimer aliuchunguza ubongo wake kwa hadubini, akauona umesinyaa, na kati ya chembe zake mna mabaka ya taka, na ndani ya chembe zenyewe mna nyuzi zilizosokotana. Katika kila wagonjwa 100 wa demensha, baina ya 60 na 70 wana ugonjwa huu. Unaofuata ni ule wa mishipa ya damu: shinikizo la damu na kisukari huharibu mishipa midogo ya ubongo kidogo kidogo, au kiharusi hupiga mara moja na kuua sehemu yake. Shirika la Afya Duniani limehesabu kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa na hali hii ulimwenguni, na zaidi ya 60 katika kila 100 ni watu wa nchi zenye kipato kidogo au cha wastani, kama hizi zetu. Basi asidhani mtu kwamba haya ni maradhi ya Wazungu.

Tena maradhi haya hayali akili tu yakauacha mwili salama. Mwaka 1962 Robert Kleemeier, mtaalamu wa Marekani, alieleza jambo aliloliona kwa wazee aliokuwa akiwapima akili zao mara kwa mara kwa muda wa miaka: wale ambao akili zao zilishuka sana ndio waliotangulia kufa. Waliokuja baada yake wamelitazama jambo hilo kwa watu wengi zaidi, na limezidi kudhihiri kwamba akili ikiporomoka, aghlabu uhai nao u karibu kuifuata. Hesabu iliyokusanywa kutoka tafiti nyingi, zaidi zikiwa za Ulaya na Marekani, na kutolewa mwaka 2025, yaonyesha kwamba mwanamume aliyetambuliwa kuwa na demensha akiwa na miaka 65 huishi kwa wastani miaka 5.7 baada ya hapo, na mwanamke miaka 8. Akitambuliwa ana miaka 85, mwanamume huishi miaka 2.2, na mwanamke miaka 4.5. Wengi huondolewa na homa ya mapafu, kwa sababu chakula huingia njia ya pumzi. Au huanguka wakavunjika. Au hukataa kula wakadhoofika. Umri u mikononi mwa Mwenyezi Mungu, na wastani si ajali ya mtu. Lakini hesabu hizi zina funzo lake. Mtoto asemaye, "Nitamhudumia baba biashara itakapotulia," hajui kwamba huenda biashara ikatulia na baba hayupo.

Na siri ya Mungu katika ubongo ni kubwa. Tangu mwaka 1986 bwana mmoja, David Snowdon, aliwafuatia watawa wa Kikatoliki 678 wa Marekani, wote waliofika miaka 75 na zaidi, nao walikubali bongo zao zichunguzwe baada ya kufa. Mmoja wao, aliyejulikana kwa jina la Sister Mary, alifariki na miaka 101, na katika uzee wake wote alikuwa akivijibu vipimo vya akili vizuri. Ubongo wake ulipotazamwa ulikutwa umejaa alama zile zile alizoziona Alzheimer. Ikiwa mwenye ubongo mkononi hawezi kusema kwa yakini mwenyewe alikuwa katika hali gani, basi sisi tunaotazama uso tu tusithubutu kusema kwamba ndani hamna mtu.

Kadhalika si kila mzee aliyechanganyikiwa ana ugonjwa usio na dawa. Upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo iliyolegea kazi yake, homa ya njia ya mkojo, ukosefu wa maji mwilini, huzuni nzito ya kufiwa, damu iliyovuja kichwani baada ya kuanguka, na hata dawa nyingi zikimezwa pamoja, yote haya huweza kumvuruga mzee akili, na aghlabu hutibika. Khasa akivurugika kwa ghafula, katika siku moja au mbili, hiyo ni dharura ya hospitali na haingojewi.

Wangapi lakini huenda hospitali kwanza? Twaenda kwa waganga. Mzee hunyweshwa makombe, hufukizwa, hupungwa, na wengine hupigwa fimbo eti jini atoke. Kumsomea mgonjwa Kur'ani na kumwombea shifaa ni jambo jema, nasi hatulikatazi. Tunalolikataza ni fimbo, na fedha zinazoliwa kwa jina la Mungu, na wakati unaopotea. Na liko la kutisha kuliko hayo. Katika nchi ya Kilifi, karibu yetu, wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi. Ushahidi juu yao ni nini? Ni mvi, ni kusema peke yao, ni kuzunguka usiku, ni kuingia nyumba isiyo yao. Lakini hizo za kuzunguka usiku na kusema na wasioonekana ndizo dalili za maradhi tunayoyaeleza. Mgonjwa ahitajiye kushikwa mkono akarudishwa kitandani hukatwa panga, na aghlabu nyuma ya tuhuma hiyo pana ugomvi wa shamba. Damu hiyo iko juu ya muuaji, na juu ya aliyemtuma, na juu ya kila aliyejua akanyamaza.

MZEE HUYU NI NANI?

Tuje sasa katika suala la kwanza. Wako wasemao: insani ni akili, nayo ikiondoka, insani ameondoka. Maneno haya yana sura ya hikima, kwani ni kweli kwamba Sharia imezifunga amri zake juu ya akili. Lakini yafuateni mpaka yanapofikia. Mtoto mchanga akili hana bado. Aliyezimia hana kwa saa hizo. Hakuna asemaye kwamba wao si watu. Akili ni sharti ya kuamrishwa. Si sharti ya kuheshimiwa. Mambo haya mawili watu huyachanganya, na katika kuyachanganya ndimo mzee anamodhulumiwa.

Mwenye shaka na atazame tunavyomfanyia maiti. Hana akili, hana hisia, hana uhai. Na juu ya hayo twamwosha kwa upole, twausitiri uchi wake, twaona haramu kumvunja mfupa. Ikiwa mwili uliokwisha kutokwa na roho una hurma yote hiyo, itakuwaje hurma ya yule ambaye roho yake ingalimo?

Tena si kweli kwamba hakubaki kitu. Katika Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, wagonjwa wa Alzheimer walionyeshwa picha za sinema za kuhuzunisha na za kufurahisha, na habari yake ikatolewa mwaka 2014. Baada ya muda mchache walikuwa wamekwisha kusahau waliyoyaona, lakini huzuni na furaha zilibaki nao. Basi anayemkaripia mzee, kisha akajiliwaza kwa kusema, "Si neno, sasa hivi atasahau," hajui alitendalo. Neno husahauliwa, uchungu wake hubaki. Na mema pia ni hivyo hivyo: aliyemkalia baba yake nusu saa akamshika mkono, baba atasahau kwamba alikuja, lakini utulivu aliomwachia haukuondoka naye mlangoni.

Na maulamaa wetu walilijua jambo hili kabla ya vyuo vikuu hivi kuwapo. Wataalamu wa Hadithi walikutana na wapokezi waaminifu ambao katika uzee akili zao zilichanganyika, wakaiita hali hiyo ikhtilati. Mmoja wao alikuwa Ata bin Saib wa Kufa, aliyefariki mwaka 136 wa Hijra. Ibn al-Salah, aliyefariki mwaka 643, aliwawekea watu hawa mlango wao katika kitabu chake cha elimu ya Hadithi. Walihukumu nini juu yao? Wangeweza kusema: mtu huyu ameharibika, tuyatupe yake yote. Wangeweza pia kusema: huyu ni mkubwa wetu, tuyapokee yote kwa adabu. Hawakufanya hili wala lile. Waliyapambanua mambo kwa nyakati. Waliuliza: nani alisikia kwake kabla ya kuchanganyikiwa, na nani baada yake? Aliyesikia kabla, kama vile Sufyan al-Thawri na Shuuba kwa Ata, riwaya yake ilipokewa. Aliyesikia baada, iliachwa.

Hii ndiyo jawabu yetu. Mzee huyu ni yule yule, na aliyoyajenga alipokuwa na akili ni yake hata Kiyama. Ukarimu wake, elimu aliyoisomesha, watoto aliowalea, hayafutwi na matusi anayoyatukana leo kwa asilolijua. Na matusi hayo nayo hayaandikwi katika daftari la tabia yake. Kuna watu ambao wazee wao walikuwa wapole umri wao wote, kisha maradhi yakawafanya wakali na wenye kushuku, na watoto wakasema, "Kumbe ndivyo alivyo ndani!" Sivyo alivyo. Ni ubongo uliojeruhiwa. Mtu hahukumiwi kwa jeraha lake.

KALAMU NA MALI

Katika suala la pili, jambo ni wazi. Tumepokea kwa Mtume (S.A.W.) kwamba kalamu huinuliwa kwa mtu aliyelala mpaka aamke, na mtoto mpaka abaleghe, na aliyepotewa na akili mpaka zimrudie. Kwa hiyo mzee ambaye akili imemwondoka hadaiwi sala wala saumu. Tunayaona majumbani mambo ya kusikitisha: mzee asali Magharibi mara nne, na kila mara wajukuu wamcheke, au aache kusali, mtoto amkemee na kumwogofya kwa Moto. Yote mawili ni ujinga. Akitaka kusali, atandikiwe mswala asali. Asipotaka, asilazimishwe. Na ikiwa ana saa akili zinapomrudia, akumbushwe kwa ulaini katika saa hizo.

Mali ndiyo yenye fitina. Mwenyezi Mungu katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 5, amekataza wasio na uwezo wa kuongoza mali wasiachiwe mali mikononi, akaamrisha walishwe na wavishwe katika mali hiyo, na waambiwe maneno mema. Angalieni mpango wa aya hiyo, ndugu zetu. Mali inazuiwa ili ilindwe, si ili iliwe. Ya kwanza katika matumizi yake ni chakula na nguo za mwenyewe. Na mwisho akataja maneno mema, kama kwamba yajulikana kuwa anayeshika mali ya mtu hupata kiburi juu yake.

Na sisi twafanyaje? Mzee huletewa karatasi usiku, akashikwa kidole gumba kikatiwa wino, na asubuhi nyumba ya watoto saba imekuwa ya mmoja. Aliyefanya hivyo husema, "Baba mwenyewe alinipa." Baba yupi? Yule ambaye hajui leo ni Ijumaa au Jumatatu? Hiba haisihi ila kwa mwenye akili, na hati isiyo na akili nyuma yake ni wizi ulioandikwa vizuri. Inayopasa ni jamaa wote kukutana, daktari kumpima mzee na kuandika aliyoyaona, na jambo kupelekwa kwa Kadhi na mahakama yanayohusika, ili awekwe msimamizi atakayetoa hesabu. Na walio bora ni wale wanaoandika wasia wao, na madeni yao, na wakfu zao, wangali na akili zao timamu. Mtu wa miaka 60 anayeliogopa jambo hilo kama kwamba kuandika wasia ni kuliita jeneza, huwaachia wanawe vita.

Hapa twapenda kutaja kisa cha wana wa Jarir bin Hazim. Jarir alikuwa mpokezi wa Hadithi wa Basra, naye alifariki mwaka 170 wa Hijra. Uzeeni akili yake ilichanganyika. Wanawe, ambao nao walikuwa watu wa Hadithi, walipoitambua hali hiyo walimzuilia watu wasije kusikia kwake, na kwa hivyo hakuna aliyesikia kwake neno katika hali ile. Jina lake likabaki safi.

Mtu atasema: nasi twawafungia wazee wetu ndani, jee, si ndiyo kama hiyo? La, siyo. Watoto wale walimsitiri baba kwa ajili ya baba. Wengi wetu twamficha mzee kwa ajili yetu wenyewe, wageni wasimwone, posa ya binti isivunjike, watu wasiseme ukoo una wazimu. Vitendo hivi viwili vyafanana kwa nje, mlango ni mmoja uliofungwa. Vyapambanuliwa na kilichomo ndani ya chumba. Ikiwa ndani mna mwangaza, na nguo safi, na mtu wa kuzungumza naye, na jirani mwema huingia, hiyo ni sitara. Ikiwa mna kiza, na harufu, na sahani inayosukumwa mlangoni, basi hiyo ni jela, na aliyemo hakufanya kosa.

MZIGO NI WA NANI?

Twaisoma aya ya 23 ya Sura ya Al-Israi kila siku, lakini twaipita upesi. Imekataza kuwaambia wazazi walio wazee hata neno dogo la kuonyesha kuudhika, na imewataja wazazi hao kuwa wamefika uzeeni wakiwa kwa mtoto, yaani chini ya himaya yake. Na aya inayofuata ikataja malezi ya utotoni. Hakika mwenye mzazi wa namna hii amepewa nafasi ya kulipa deni kwa sarafu ile ile: kumlisha asiyeweza kujilisha, kumsafisha asiyeweza kujisafisha, kumjibu mara kumi aulizaye mara kumi, kama alivyojibiwa yeye alipokuwa akiuliza mwezi ni nini.

Lakini faradhi hii ni ya nani? Ni ya watoto, wana na mabinti. Si ya mke wa mtoto. Mke wa mwana akimhudumia baba-mkwe wake, hiyo ni fadhila yake na ihsani yake, naye ana thawabu kubwa na astahiki shukrani kubwa. Lakini wako wanaume wanaowatupia wake zao kazi yote ya kuosha na kulisha na kukesha, wao wakakaa barazani mpaka saa nne za usiku, kisha wakasifiwa mjini kwamba fulani amemweka baba yake. Hakumweka yeye, amemweka mkewe. Kadhalika yule aliyeko Nairobi au Ghuba, anayetuma fedha kila mwezi na kila mwezi akatoa amri kwa simu, na ajue kwamba dada yake anayeamka usiku mara tano hapumzishwi na fedha peke yake. Aje japo mwezi mmoja kwa mwaka, akae yeye, dada alale.

Na jamaa wakishindwa, umma wote unaulizwa. Imepokewa katika kitabu cha Abu Yusuf kuhusu kodi kwamba Seyyidna Umar alimkuta mzee wa Kiyahudi, kipofu, akiomba. Akamchukua nyumbani kwake akampa, kisha akaamrisha yeye na mfano wake wasitozwe jizya na wapewe katika Baitulmali. Ikiwa hiyo ndiyo haki ya mzee asiyekuwa wa dini yetu, vipi mzee wa mtaa wetu? Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 57, nayo imewapa wazee haki ya kuishi kwa heshima bila ya kudhulumiwa, na kupata matunzo ya kiasi kutoka kwa jamaa zao na Serikali. Na tangu mwaka 2018 umewekwa mpango wa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa wazee walioandikishwa waliofika miaka 70. Ni haki yao. Anayezipokea kwa niaba ya mzee kisha akanunulia yake ni mla amana.

KUTAMANI APUMZIKE

Limebaki suala linaloulizwa kwa sauti ya chini. Binti amemhudumia mama miaka sita. Mama hamjui tena, humwita mwizi. Usiku mmoja binti anajikuta anasema moyoni: ee Mola, mpumzishe. Asubuhi ajihesabu kuwa ni muuaji.

Twamwambia: si muuaji. Aya imekataza neno na karipio. Haikukataza kuchoka, kwani kuchoka si kitendo cha mtu, ni cha mwili wake. Ndiyo maana kupokezana ni wajibu, kwa sababu aliyechoka kupita kiasi ulimi humponyoka na mkono humponyoka. Na Mtume (S.A.W.), ambaye mwenyewe alikuwa akijikinga kwa Mungu na umri wa udhalili, ametukataza kutamani mauti kwa shida iliyotufika, lakini akatufundisha tuseme kwa maana hii: niweke hai ikiwa uhai ni kheri kwangu, nifishe ikiwa mauti ni kheri kwangu. Binti huyo na aibadili dua yake kidogo tu: amwombee mamake lililo kheri kwake, amwachie Mungu kulichagua.

Kuna mpaka hapa, nao lazima tuuonyeshe. Kuacha tiba isiyotarajiwa kuleta faida si kuua. Mgonjwa aliyefika mwisho wa maradhi haya akawa hamezi vizuri, madaktari wengi leo hawashauri atiwe mpira wa chakula tumboni, kwani haikuonekana kwamba humzidishia umri, na mara nyingi humtesa. Hushauri alishwe kwa mkono, kidogo kidogo, kadiri apendavyo. Jamaa wakilifuata shauri hilo hawana dhambi. Lakini kumwacha na njaa kwa sababu kumlisha kwachukua saa nzima, au kutomtibu homa inayotibika kwa kusema "huyu mzee wa nini tena," huko ni kumtelekeza, na jina zuri haliligeuzi jambo baya. Kipimo ni hiki: jee, nimeiacha dawa kwa sababu haimfai yeye, au kwa sababu yeye hanifai mimi?

YALIYO MIKONONI MWETU

Jopo la wataalamu lililotoa ripoti yake katika jarida la The Lancet mwaka 2024 limetaja mambo 14 ambayo, lau yangaliondolewa yote, karibu 45 katika kila wagonjwa 100 wa demensha wangaliepukana nayo au yangalichelewa kuwafika. Miongoni mwayo ni shinikizo la damu, kisukari, tumbaku, unene, kukaa bila ya kutembea, uziwi usiotibiwa, macho yasiyotibiwa, elimu ndogo ya utotoni, na upweke. Basi tupime damu kabla ya kuumwa, tupunguze chumvi na sukari katika vyakula vyetu, twende msikitini kwa miguu. Mzee asiyesikia apelekwe apimwe masikio, asiachwe kimya pembeni. Wasichana wasomeshwe kama wavulana, kwani elimu ya leo ni akiba ya akili ya miaka 70 baadaye. Na baraza zetu zisivunjwe. Mzee mwenye watu wa kuzungumza nao kila alasiri ana dawa isiyouzwa dukani.

La mwisho ni hili, nalo twalisema bila ya kuficha. Mji wetu una desturi ya kumkumbuka mzee baada ya kufa. Hukodiwa viti, huchinjwa ng'ombe, hupikwa pilau ya watu mia tatu, na jamaa waliokuwa hawajafika mlangoni miaka mitatu husafiri kutoka kila upande. Lau thuluthi ya fedha hizo na thuluthi ya miguu hiyo zingalimfika angali hai, angalikuwa na godoro jema, na mtu wa kumkesha, na dada yenu angalikuwa na usingizi. Maiti ana haja ya dua, na dua haina gharama. Mwenye haja ya nguo safi na mkono wa kushikwa ni yule aliyelala chumba cha nyuma sasa hivi.

Ingieni kwake leo. Mtajieni majina yenu, wala msimwulize kama awajua.

Mwenyezi Mungu atuhifadhie akili zetu maadamu tu hai, na atuwafikie kuwatendea wazee wetu kama tunavyotaka kutendewa. Amin.